Friedrich Froebel: Aliyeitia Hisabati Mikononi mwa Mtoto wa Chekechea

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Hata hivyo, methali hii aghalabu hutumiwa panapozungumziwa adabu na maadili ya mtoto. Ni nadra kuisikia ikitajwa panapozungumziwa sayansi au hisabati. Jamii yetu imezoea kuyachukulia masomo hayo kuwa mlima ambao mtu huukwea akiwa katika shule ya upili, tena kwa jasho na machozi. Katika miaka ya hivi karibuni wataalamu wa elimu wamekuwa wakihimiza kwamba sayansi, teknolojia, uhandisi, sanaa na hisabati zifundishwe kwa pamoja, na kwamba mafunzo hayo yaanze mtoto akiwa bado katika shule ya chekechea. Wapo wanaoudhani mwito huu kuwa zao la enzi ya kompyuta.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba hoja hiyo ina umri wa takriban karne mbili. Aliyeifanyia kazi kwa dhati ni Friedrich Froebel, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1782 na kuaga dunia mwaka 1852. Tutayafuatilia maisha yake tangu utotoni hadi kaburini kwa minajili ya kulijibu swali moja: mtoto ambaye hajajua kusoma wala kuandika atafunzwaje sayansi bila ya kugeuzwa kasuku? Froebel alilijibu swali hili kwa vipande vya mbao, na jibu hilo lilimgharimu pakubwa.

Utoto wa Upweke

Friedrich Wilhelm August Froebel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, eneo la Thuringia. Wakati huo Ujerumani haikuwa nchi moja kama ilivyo leo, bali ilikuwa mkusanyiko wa dola nyingi, kubwa kwa ndogo. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri aliyelemewa na shughuli za kanisa. Mama yake alifariki kabla Friedrich hajatimiza mwaka mmoja. Baba alioa tena, lakini mama wa kambo alipojaliwa mtoto wake mwenyewe, mapenzi aliyokuwa amemwonyesha Friedrich yalikwisha. Baba naye alimwona mwanawe kuwa mzito wa kuelewa.

Mtoto huyo mpweke alikimbilia bustani ya nyumbani kwao na vilima vilivyokizunguka kijiji. Huko alitazama maua, wadudu na mawe, akajiuliza maswali ambayo hapakuwa na mtu wa kumjibu. Mnamo mwaka 1792 mjomba wake, mchungaji Hoffmann wa mji wa Stadtilm, alimchukua akaishi naye. Kwa mjomba alionja kwa mara ya kwanza nyumba yenye upole na uhuru. Si ajabu basi kwamba mtu aliyeyaonja malezi ya namna zote mbili alikuja kushikilia kwamba miaka ya mwanzo ya maisha ya binadamu haifai kuachwa ijiendee kiholela.

Mwaka 1797 alipelekwa kwa mtunza misitu ili ajifunze kazi hiyo. Mwalimu wake hakumjali sana, lakini msitu wenyewe ulimfunza mimea, na vitabu alivyovipata vilimfunza hisabati. Mwaka 1799 alijiunga na Chuo Kikuu cha Jena, akasoma hisabati na sayansi za maumbile. Fedha zilimwishia. Alifungwa wiki 9 katika jela ya chuo kwa sababu ya deni, kisha akarejea nyumbani mwaka 1801 pasipo shahada. Ada na madeni, kama wanachuo wanavyojua, havikuanza leo.

Kutoka Ujenzi hadi Ualimu

Baada ya baba yake kufariki mwaka 1802, Froebel alihangaika huku na huko akifanya kazi za kupima ardhi na uandishi wa hesabu. Mwaka 1805 alifika mjini Frankfurt akiwa na azma ya kusomea usanifu wa majengo. Huko alikutana na Anton Gruner, mwalimu mkuu wa shule iliyofuata mbinu za Mswisi Johann Heinrich Pestalozzi. Gruner alimshawishi aache mipango ya majumba na kushika kazi ya ualimu. Froebel alikubali, na tangu siku za mwanzo darasani akatambua kwamba amepata wito wake.

Katika mwaka huohuo alimtembelea Pestalozzi huko Yverdon, nchini Uswisi. Akarudi tena mwaka 1808 pamoja na wavulana watatu wa familia moja aliokuwa akiwafundisha, akakaa hadi mwaka 1810. Pestalozzi aliamini kwamba mtoto aanze kwa kukiona na kukigusa kitu kabla ya kufundishwa jina na kanuni yake. Froebel aliipokea imani hiyo, ila aliona kuwa ilikuwa na pengo. Kugusa vitu kiholela hakukumtosha. Alitaka vitu vyenyewe viwe na mpangilio, kimoja kikizaa kingine, ili mtoto auone uhusiano baina yavyo. Mpangilio huo aliupata mahali ambapo wengi wasingeutafuta.

Funzo la Fuwele

Mwaka 1811 Froebel alirejea chuoni, safari hii Göttingen, na mwaka uliofuata akahamia Berlin. Hapo alisoma kwa Christian Samuel Weiss, mtaalamu wa fuwele, yaani yale mawe na chumvi ambazo chembe zake hujipanga kwa umbo maalumu. Masomo yalikatizwa na vita. Mwaka 1813 alijiunga na kikosi cha kujitolea kilichopigana na majeshi ya Napoleon, na humo vitani akapata marafiki wawili, Heinrich Langethal na Wilhelm Middendorff, ambao walikuja kuwa wasaidizi wake wakuu. Mwaka 1814 alirudi Berlin kuwa msaidizi wa Weiss katika jumba la makumbusho ya madini.

Kazi yake ilikuwa kuyapanga na kuyachunguza mawe. Chembe ya chumvi ya mezani ikikuzwa kwa kioo huonekana kuwa mchemraba, na ukiipasua, vipande vyake navyo huelekea umbo hilohilo. Madini mengine yana maumbo mengine, lakini kila moja hufuata kanuni yake bila kukosea. Froebel alivutiwa na jambo hili kupita kiasi. Aliona kwamba kitu kinaweza kukua kutoka ndani kwa utaratibu wake chenyewe, na kwamba yule anayekiangalia kwa makini anaweza kuisoma sheria iliyokijenga. Akajiuliza iwapo mtoto wa binadamu naye hakui hivyo, na iwapo kazi ya mwalimu si kumwekea mazingira yanayofaa badala ya kumkandika elimu kutoka nje kama udongo ukutani.

Mtu mwingine angebaki katika sayansi ya madini na kujijengea jina. Froebel aliiacha mwaka 1816. Ndugu yake Christoph alikuwa amefariki mwaka 1813 kwa homa aliyoambukizwa na askari aliokuwa akiwauguza, na watoto walikuwa wamebaki yatima. Friedrich alikwenda kijiji cha Griesheim kuwafundisha watoto hao pamoja na wengine wa ukoo. Mwaka 1817 shule hiyo ilihamia Keilhau.

Dhiki za Keilhau na Uswisi

Mwaka 1818 Froebel alimwoa Wilhelmine Hoffmeister, mwanamke msomi wa Berlin aliyeacha maisha ya starehe akaja kuishi kijijini. Bibi huyu anastahili kutajwa kwa heshima. Shule ya Keilhau haikuwa na fedha, na mumewe hakuwa hodari wa kuzitunza hata zilipopatikana. Wanafunzi walilima, walijenga mabwawa na madaraja madogo, walitembea porini kukusanya mimea na mawe. Elimu ilikuwa kazi, na kazi ilikuwa elimu. Mwaka 1826 Froebel alichapisha kitabu chake kikuu kuhusu elimu ya binadamu. Lugha ya kitabu hicho ni nzito na yenye mafumbo, na wasomaji wake wa kwanza walikuwa wachache.

Fauka ya hayo, huo ulikuwa wakati ambapo serikali za Kijerumani zilishuku kila mkusanyiko wa vijana wenye fikra huru. Keilhau nayo ilishukiwa. Idadi ya wanafunzi ilishuka na madeni yakapanda. Mwaka 1831 Froebel alikwenda Uswisi kuanzisha shule nyingine, na mwaka 1835 alipewa jukumu la kuongoza makao ya watoto yatima mjini Burgdorf. Kadiri alivyoishi na watoto wadogo ndivyo alivyozidi kusadiki kwamba shule huanza kwa kuchelewa. Mtoto anapofika darasani akiwa na miaka 6 au 7, tayari mengi yamekwisha kujengeka au kubomoka ndani yake.

Bustani ya Watoto na Zawadi Zake

Froebel alirejea Ujerumani, na mwaka 1837 alifungua katika mji wa Blankenburg taasisi ya mchezo na shughuli za watoto wadogo. Alikuwa na miaka 55. Wilhelmine, ambaye afya yake ilikuwa imedhoofika, alifariki mwaka 1839. Mwaka 1840 Froebel aliipa taasisi yake jina lililokuja kuenea duniani kote: Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Jina hilo lilikuwa na maana mbili. Watoto ni miche inayohitaji mtunzaji mwenye subira. Tena mahali penyewe palikuwa na bustani halisi, kila mtoto akiwa na kijishamba chake cha kupanda, kumwagilia na kuvuna. Sayansi ya mimea ilianzia kwenye jembe dogo.

Kiini cha mbinu yake kilikuwa vifaa alivyoviita zawadi. Zawadi ya kwanza ilikuwa mipira 6 ya sufu yenye rangi mbalimbali. Ya pili ilikuwa tufe, mchemraba na mcheduara, vyote vya mbao. Mtoto alivining'iniza kwa uzi na kuvizungusha. Mchemraba ukizungushwa kwa kasi huonekana kama mcheduara. Mtoto alikuwa anatazama umbo likizaa umbo, kwa macho yake, kabla hajasikia neno lolote la jometri.

Zawadi ya tatu ilikuwa mchemraba uliokatwa vipande 8 vilivyo sawa. Katika kifaa hiki kimoja mtoto aliikuta nusu, robo na thumni, akazigawanya na kuziunganisha kwa vidole. Zawadi ya nne nayo ilikuwa mchemraba wa ukubwa uleule, ila ulikatwa matofali 8 bapa. Hapa pana siri ambayo mwalimu hakuisema: tofali moja bapa lina ujazo sawa na mchemraba mmoja mdogo wa zawadi ya tatu, ingawa hayafanani kwa umbo. Mtoto aliyejenga kwa zote mbili aliligundua jambo hili polepole. Aligundua pia kwamba tofali likilazwa hutulia, likisimamishwa huyumba. Huo ndio mwanzo wa uhandisi. Zawadi ya tano ilikuwa mchemraba mkubwa wenye vipande 39, baadhi yavyo vikiwa vimekatwa mshazari, na humo thuluthi na pembetatu zikajitokeza.

Baada ya hizo zilifuata vibao vya rangi, vijiti na pete. Kadhalika palikuwa na kazi za mikono: kukunja karatasi, kusuka, kukata, kuchora, kufinyanga udongo, na kuunganisha vijiti kwa njegere zilizolowekwa ili kuunda mifupa ya maumbo. Kwa vifaa hivyohivyo mtoto alihimizwa kuunda mambo ya aina tatu. Kwanza, vitu vya maisha, kama vile kiti, nyumba au daraja. Pili, maumbo ya maarifa, ambayo yalihusu hesabu na vipimo. Tatu, maumbo ya uzuri, yaani ruwaza zenye ulinganifu. Tukiangalia kwa makini tutaona kwamba uhandisi, hisabati na sanaa vilikuwa vikitoka katika sanduku moja la mbao. Vipande vilivyokuwa daraja asubuhi viligeuka kuwa hesabu baadaye, kisha vikawa pambo, na mwishowe vikarudi sandukuni vikiwa mchemraba mzima kama vilivyotoka. Froebel hakuviunganisha vipindi vitatu vilivyotengana. Kwake elimu hizo hazikuwa zimewahi kutengana.

Jambo jingine la kutajwa ni kwamba Froebel alitaka kazi hii ifanywe na wanawake waliosomea. Alianzisha mafunzo ya kuwaandaa wasichana kuwa walimu wa watoto wadogo. Katika zama ambazo milango ya vyuo vikuu ilikuwa imefungwa kwa wanawake, mafunzo hayo yaliwafungulia njia ya taaluma. Mwaka 1844 alitoa kitabu cha nyimbo na michezo ya vidole kwa ajili ya akina mama na watoto wao, kwa kuwa aliamini mwalimu wa kwanza wa mtoto ni mama yake.

Marufuku ya Mwaka 1851

Mwaka 1849 Froebel alihamia Liebenstein, na huko akampata mtetezi aliyekuwa na sauti miongoni mwa wakubwa, Bertha von Marenholtz-Bülow. Mambo yalianza kuonekana kuwa mema. Mwaka 1851 alimwoa Luise Levin, aliyekuwa mwanafunzi wake. Wiki chache baadaye pigo likaja. Tarehe 7 Agosti 1851 serikali ya Prussia, chini ya waziri wa elimu Karl von Raumer, ilipiga marufuku bustani za watoto kote katika himaya yake kwa madai kwamba zilieneza usoshalisti na kutomwamini Mungu.

Chanzo kimojawapo cha uamuzi huo kilikuwa mkanganyiko wa majina. Mpwa wake, Karl Froebel, aliyekuwa na siasa za mrengo wa kushoto, alikuwa ameandika kijitabu kuhusu shule za wasichana na bustani za watoto. Maafisa wakamchanganya mtu huyu na mzee Friedrich. Froebel alieleza kwamba wao ni watu wawili tofauti na kwamba mafunzo yake yalimtukuza Mungu katika kila jani na jiwe. Maelezo hayo hayakuibadilisha amri. Lakini tukidhani kwamba kosa la majina ndilo lililokuwa sababu pekee, tutakuwa tumewaonea huruma watawala wale. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1848, serikali iliyotaka raia watiifu haikuwa na sababu ya kumpenda mtoto aliyezoeshwa kujaribu, kuuliza na kubomoa alichokijenga ili akijenge upya.

Froebel alifariki tarehe 21 Juni 1852 huko Marienthal, miezi miwili baada ya kutimiza miaka 70. Alizikwa Schweina. Juu ya kaburi lake pamewekwa mnara wenye mchemraba, mcheduara na tufe. Aliondoka duniani marufuku ikingali inatekelezwa. Iliondolewa mwaka 1860 baada ya juhudi ndefu za Bertha von Marenholtz-Bülow na wenzake.

Mbegu na Magugu

Amri iliyonuia kuua bustani hizo haikuzuia mbegu kupeperushwa mbali. Mwaka 1851 bustani ya watoto ilikuwa imefunguliwa jijini London. Mwaka 1856 Margarethe Schurz alifungua nyingine Watertown, Wisconsin, nchini Marekani, na mwaka 1860 Elizabeth Peabody akafungua ya kwanza ya lugha ya Kiingereza nchini humo, huko Boston. Mwaka 1876 Tokyo nayo ilipata yake. Mwaka huohuo mama wa Frank Lloyd Wright aliziona zawadi za Froebel katika maonyesho ya Philadelphia, akamnunulia mwanawe. Wright alikuja kuwa msanifu majengo mashuhuri, na uzeeni alishuhudia kwamba vipande vile vya mbao havikuwahi kutoka vidoleni mwake. Buckminster Fuller, mvumbuzi wa Kimarekani aliyekuwa na macho dhaifu utotoni, alijenga fremu za pembetatu kwa vijiti na njegere akiwa chekechea; baadaye alivuma kwa kuba zilizojengwa kwa pembetatu.

Hata hivyo, haki inatutaka tutaje magugu pia. Baadhi ya wafuasi walizigeuza zawadi kuwa ibada. Watoto walikalishwa mezani, wakaamriwa kusogeza kipande kimoja kimoja kwa mpigo mmoja, na aliyebuni lake akakanywa. Mwanzoni mwa karne ya 20 walimu kama Patty Smith Hill wa Marekani waliupinga ukasuku huo, wakatengeneza vipande vikubwa ambavyo watoto wangeweza kujengea sakafuni kwa uhuru. Waliopinga hivyo walikuwa karibu zaidi na Froebel kuliko waliohifadhi kila amri yake. Sanduku lilelile laweza kumfungua mtoto au kumfunga. Yategemea mikono iliyolifungua.

Hitimisho

Maisha ya Froebel yanalijibu swali tuliloanza nalo. Mtoto mdogo hufunzwa sayansi kwa kupewa kitu chenye kanuni ndani yake, muda wa kukigeuzageuza, na mtu mzima ajuaye wakati wa kunyamaza. Jibu hili linatuhusu. Nchini Kenya, mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 uliiweka miaka miwili ya elimu ya awali kuwa sehemu rasmi ya safari ya mwanafunzi, na ukatambua shughuli za hisabati, mazingira na ubunifu katika ngazi hiyo. Iwapo shughuli hizo zitabaki kuwa nyimbo za kukariri nambari, tutakuwa tumebadilisha jina tu.

Vifaa si kisingizio. Udongo wa mfinyanzi, vijiti, kunde zilizolowekwa, vifuniko vya chupa na vipande vya mbao kutoka kwa seremala hupatikana takriban kila kijiji. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna fungu letu. Lugha yetu ina tufe, mchemraba, mcheduara, pia na haramu. Ina nusu, thuluthi, robo na thumni. Ina wima, ulalo na mshazari. Istilahi hizi tumeziacha zikae kwenye vitabu vya mazoezi ya msamiati, zikisubiri mtihani. Zinastahili kushuka hadi kwenye mkeka wa chekechea, zitamkwe na mwalimu pale mtoto anapokuwa na umbo lenyewe kiganjani. Hapo neno na kitu vitakutana, na mtoto hatahitaji kulikariri.